Nani Ana Ruhusa ya Kuzima?

Kila mtu Nairobi ana ile picha ya Ngong Hills: nywele zinapeperuka, mitambo ya upepo iko nyuma. Hata mimi ninayo. Shida ni kwamba ukishaiita kawi "safi", nani tena atauliza inaua nini?

Siku hizi nasoma ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zile ambazo sheria yetu ya 1999 inataka zifike NEMA kabla mradi haujaanza. (Niliacha chuo, kusoma sikuacha.) Nyingi zinachosha kwa sababu hazina watu ndani. Ndege watafuatiliwa, hatua zitachukuliwa, athari zitapunguzwa. Na nani, bana? Kitenzi kipo, mtendaji hayupo.

Ndiyo maana mradi wa Kipeto, kule Kajiado, ulinishika. Mitambo 60, megawati 100, na kaunti hiyohiyo ina majabali ya Kwenia, ambako tumbusi wa Rüppell huzaliana. Huyu ni ndege aliye hatarini kabisa kutoweka, na jozi hutaga yai moja tu kwa msimu. Ukiua mzazi mmoja, kifaranga naye ana bahati gani? Hiyo huwezi kulipia kwa kupanda miche.

Kipeto kuna watu wanaokaa na darubini wakitazama angani. Tumbusi akikaribia, wanaagiza mtambo uzimwe hadi apite. Hapo sasa kuna mtu, na ana ruhusa ya kusimamisha pesa. Nampa maksi zake.

Sehemu ya pili ndiyo inanisumbua. Wafugaji wakitegea simba au fisi sumu kwenye mzoga, tumbusi hufa kwa makundi, kwa hivyo mradi pia unasaidia kazi ya kupunguza sumu. Wazo zuri, tena la lazima. Lakini hesabu yake ina ujanja: aliyekatwa na panga la mtambo unamwokota chini, umpime, umpige picha. Yule "aliyeokolewa" na sumu ni makadirio ya mtu na kompyuta yake. Vipi wawili hawa wanafutana kwenye jedwali moja?

Mimi ningependa idadi ya waliookotwa ibandikwe nje ya ofisi ya chifu kila mwezi, kwa Kimaasai na Kiswahili, hata mwezi wa sifuri.