Mishipa ya Mti na Nakshi ya Fundi: Tahakiki ya Urembo wa Kitako cha Bunduki kwa Waluba wa Kamina na Majirani Zao

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za mkono, hasa zile zitumiazo mti, upo mgogoro wa siku nyingi baina ya mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza hushikilia kwamba uzuri wa mti umo ndani ya mti wenyewe: katika rangi yake, na katika ile mistari inayopinda, kukutana na kuachana, ambayo hapa itaitwa mishipa ya mti. Kwa mtazamo huo, kazi ya fundi ni kuufunua uzuri huo kwa msasa na mafuta, kisha kuondoa mkono wake. Mtazamo wa pili huona kwamba mti ulioachwa hivyo ni mali ghafi tu, na kwamba uzuri huanza pale tezo, kisu na shaba vinapoingia. Mgogoro huu hudhihirika waziwazi katika kitako cha bunduki, kwa kuwa kitako ni sehemu ya kifaa cha kazi na papo hapo ni mahali pa kuonyeshea hadhi ya mwenye silaha.

Makala haya yanauchunguza mgogoro huo kwa kurejelea sanaa ya Waluba, ambao mojawapo ya vitovu vyao ni Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, pamoja na sanaa ya majirani zao Wachokwe. Hoja inayotetewa ni kwamba mishipa ya mti na nakshi si washindani. Mishipa ni elimu ya fundi. Nakshi ni elimu ya jamii. Mhakiki asifuye moja kwa kuidharau nyingine huwa amesoma nusu tu ya kazi iliyo mbele yake.

2.0 Kutoka Uta hadi Gumegume

Kabla ya bunduki, silaha iliyobeba heshima katika nchi ya Waluba ilikuwa uta, neno ambalo kwa Kiluba ni buta, la shina lilelile la Kibantu. Masimulizi ya asili ya ufalme yanamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na kumzaa Kalala Ilunga, kuwa ndiye aliyeleta adabu za utawala. Kwa hiyo uta haukuwekwa popote tu. Uliwekewa kiegemeo cha mti kilichochongwa, nsakakabemba, chenye matawi matatu na aghalabu umbo la mwanamke, na kiegemeo hicho kilihesabiwa miongoni mwa vitu vitakatifu vya mtawala.

Bunduki ilifika kutoka pande mbili. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, mwaka 1874, aliwakuta huko Juma Merikani, mfanyabiashara wa njia ya pwani ya Waswahili, na José António Alves wa njia ya Angola. Istilahi za silaha katika Kiswahili zinashuhudia historia hiyo: gumegume, korofindo, gobori, fataki, marisao, mtutu. Nyingi kati ya bunduki za biashara zilizoletwa Afrika zilitengenezwa viwandani, Liège nchini Ubelgiji ikiwa mojawapo ya miji mashuhuri kwa kazi hiyo, na vitako vyake vilikuwa vya mti mtupu usio na pambo la maana.

Jambo hili ni la msingi kwa mhakiki. Kitako kilimfikia mpokeaji kikiwa kimekwisha kuchongwa, lakini kwa macho yake kilikuwa bado hakijasema neno. Hakikuwa na alama ya ukoo, ya cheo wala ya mwindaji. Pambo lililoongezwa baadaye, basi, halikuwa anasa. Lilikuwa njia ya kukiingiza chombo cha kigeni katika jamii.

3.0 Njumu, Shaba na Ngozi ya Mti

Kiswahili kina neno mahususi kwa kazi ya kupachika madini katika mti, nalo ni njumu. Mafundi wa pwani na wa Omani walitia fedha katika bunduki na majambia. Katika bara, mfano ulio wazi zaidi ni wa Wachokwe, ambao walivipamba vitako vya bunduki kwa misumari ya shaba ya njano yenye vichwa vya duara, iliyopigwa kwa safu na kwa maumbo ya pembe. Misumari hiyohiyo, iliyoletwa na biashara ya Wareno na washirika wao, ilitumika katika viti vya watawala. Hivyo bunduki na kiti vilivaa vazi moja, na mtazamaji alitambua mara moja kwamba vyote viwili ni vya mamlaka.

Uhusiano wa sanaa hiyo na nchi ya Waluba unaonekana katika sanamu za Chibinda Ilunga, mwana mfalme Mluba na mwindaji ambaye, kwa masimulizi, alimwoa Lueji, malkia wa Walunda. Wachongaji Wachokwe wa karne ya 19 walimchonga mara nyingi, na baadhi ya sanamu hizo zimemshikisha bunduki, ingawa masimulizi yanamweka vizazi vingi kabla ya silaha hiyo kuenea. Kosa hilo la wakati si kosa la sanaa. Mchongaji alikuwa akisema kwamba bunduki imekwisha kurithi nafasi ya uta.

Kwa Waluba wenyewe, ushahidi mwingi umo katika fimbo za utawala, shoka za heshima, viti na mito ya mbao ya kulalia. Fimbo nyingi zimezungushiwa waya au bamba la shaba nyekundu. Sanamu zimepakwa mafuta na rangi mpaka zikawa nyeusi zenye kung'aa, na mishipa ya mti haionekani tena. Badala yake, juu ya uso laini wa mti imechorwa mistari mingine: chale za mwili wa mwanamke. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, katika kitabu chao kuhusu kumbukumbu na sanaa ya Waluba kilichotoka mwaka 1996, wameeleza kwamba kwa Waluba mwanamke hazaliwi mzuri bali hufanywa mzuri, kwa chale na kwa msuko wa nywele. Mti nao ni hivyohivyo. Ngozi yake ya asili ni mahali pa kuandikia. Bado si maandishi.

Mfano wa mwisho ni lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, uliopachikwa shanga na kauri. Msomaji hupitisha kidole juu ya shanga na kusimulia habari za wafalme, safari na mipaka. Ubao huo ukivuliwa shanga zake hubaki kipande cha mti kizuri, na historia yote imeondoka.

4.0 Elimu Iliyofichwa

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba fundi wa nakshi haijali mishipa ya mti. Kitako cha bunduki hupokea teke kila risasi inapotoka, na sehemu dhaifu ni ile shingo nyembamba ambapo mkono hushika nyuma ya kifyatulio. Mishipa ikiikata shingo hiyo kwa mshazari, kitako hupasuka; ikipita kwa urefu, hudumu. Msumari nao ukipigwa mfululizo katika mshipa mmoja hufungua ufa. Mwenye kupanga safu za misumari bila kuupasua mti ni mtu aliyeusoma mti huo kwanza, kwa jicho na kwa kidole, kama Mbudye asomavyo lukasa. Tofauti ni kwamba somo lake hulificha. Waya wa shaba uliozungushwa shingoni unaweza kuwa pambo, na unaweza pia kuwa bandeji ya ufa wa zamani. Mara nyingi mambo hayo mawili hayatenganiki.

Watengenezaji wa bunduki za thamani huko Ulaya wanaijua kanuni hiyohiyo. Wao huchagua mti wa jozi ambao mishipa yake hunyooka shingoni na kuchezacheza kama marumaru sehemu ya nyuma, wakaupaka mafuta ili mistari ionekane. Lakini nao hukata mikwaruzo ya msalaba mahali pa kushikia ili mkono usiteleze. Hata huko basi, uzuri wa asili ni uzuri uliochaguliwa, ukakatwa na kupakwa.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Upande wa mishipa una hoja zisizostahili kupuuzwa. Nakshi inaweza kuficha mti mbovu, na mnunuzi akauziwa ufa uliovikwa shaba. Tena nakshi inayorudiwarudiwa kwa ajili ya soko la wageni hugeuka mazoea matupu. Hayo ni kweli, lakini yanahukumu nakshi mbaya, hayaihukumu nakshi yenyewe. Wasomaji wa Kiswahili wameyasikia mabishano ya namna hiyo katika ushairi, pale Mashairi ya Kisasa (1973) ya Mulokozi na Kahigi na Kichomi (1974) ya Kezilahabi zilipowapambanisha watetezi wa vina na mizani na watetezi wa lugha isiyofungwa. Huko nako ilionekana kwamba vina vibovu haviufuti ushairi wa vina, na kwamba lugha iliyoachwa huru haiwi shairi bila mkono wa mtunzi.

Zaidi ya hayo, ibada ya mti wa asili ina gharama zake. Soko la kimataifa limeutafuta mukula, mti mwekundu wa misitu ya miombo ya Katanga na Zambia, kwa sababu ya rangi na mishipa yake, hata ukaingizwa mwaka 2019 katika orodha ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Magogo yamesafirishwa bila tezo la fundi wa nchi kuyagusa. Unga mwekundu wa miti ya jamii hiyo ulikuwa ukipakwa miili na sanamu. Pale ambapo uzuri wote unahesabiwa kuwa umo katika mti, fundi haonekani kuwa na cha kuongeza, wala nchi yake haionekani kuwa na cha kudai.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kitako cha bunduki, kikitazamwa kutoka Kamina, hakijibu swali la lipi ni zuri zaidi, mti au nakshi. Kinalibadili swali lenyewe. Linalofaa kuulizwa ni nani ameusoma mti huo, na ameandika nini juu yake kwa ajili ya nani. Tahakiki ya sanaa za mti katika Kiswahili itapata nguvu ikianza na msamiati wake yenyewe, neno njumu likiwa mfano mmoja, na ikimtambua fundi kuwa msomaji kabla ya kumhukumu kuwa mpambaji.