Hongera Wasafishaji wa Sarafu za Poka

Kuna watu Marekani wanaomaliza jioni nzima mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu, mswaki laini mkononi, wakisafisha sarafu za kale za poka, vile visahani vya duara vinavyowekwa mezani badala ya fedha. Nawapa hongera kwa moyo wote.

Kasino ya Dunes mjini Las Vegas ilibomolewa kwa baruti mwaka 1993, na Sands mwaka 1996. Sarafu za kasino hizo zimebaki, zimegandwa na jasho, moshi wa sigara na mafuta ya vidole.

Sarafu ya udongo hailowekwi. Huchovywa, ikasuguliwa kwa tone la sabuni, ikasuuzwa na kufutwa papo hapo. Tazama beseni: maji yaliyokuwa safi sasa yamekuwa kama chai ya rangi, na wekundu wa sarafu uliopotea umerudi. Maandishi ya dhahabu hayasuguliwi kwa nguvu. Yakifutika ndiyo basi. Ikikauka, sarafu hupauka kama ngozi isiyopakwa mafuta, hivyo hupakwa mafuta ya madini, kidogo sana, rangi ikaamka.

Zile za plastiki ya Catalin zilizokuwa nyeupe zikawa manjano ni habari nyingine. Umanjano ule si uchafu, ni plastiki yenyewe iliyogeuka kwa miaka. Fundi anayeuacha ulivyo namheshimu zaidi.

Ukirithi boksi la sarafu hizi, tafadhali usizitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Mtafute mmoja wa watu hawa.