Ufundi wa Kuzichora Namba Kubwa

Namba ikishavuka milioni, masikio ya wengi huacha kuhesabu. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, lakini kama msomaji wa taarifa ya habari angeteleza akasema trilioni 4.9, wasikilizaji wachache sana wangegutuka. Kuchora takwimu ni ufundi wa kuliziba pengo hilo, na kazi yake ya kwanza ni kuchagua kipimo. Shilingi milioni moja ikipewa milimita moja, bilioni inakuwa mita na trilioni inakuwa kilomita nzima. Kwa kipimo hicho bajeti ile ni mstari unaoanzia katikati ya Dar es Salaam na kuipita Kibaha. Fedha hizohizo zikigawanywa kwa watu 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, kila mmoja anaangukiwa na karibu shilingi laki nane, na humo zimo hospitali, shule, barabara, mishahara na madeni ya mwaka mzima. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inaitunisha bajeti, ya pili inaisinyaza, na mchoraji anayeonyesha moja na kuificha nyingine ana lake jambo.

Grafu za mihimili zilichapishwa na Mskochi William Playfair mwaka 1786, na zile za duara akazitoa mwaka 1801. Mwanzoni alijishughulisha zaidi na biashara ya mataifa, lakini mwaka 1821 aliweka bei ya ngano na ujira wa fundi kwenye mchoro mmoja. Kuviweka viwili hivyo pamoja kulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ujira hauelezi kitu mpaka ijulikane unanunua nini.

Aliyeupeleka ufundi huu kwenye madai ya haki ni W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta. Kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, yeye pamoja na wanafunzi na wahitimu wa chuo hicho walichora kwa mkono karatasi zipatazo 60, kwa wino na rangi, kuhusu maisha ya Wamarekani weusi na hasa wale wa jimbo la Georgia: ardhi waliyomiliki, shule, kazi, ndoa, hata thamani ya samani za nyumbani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 35 tu nyuma.

Karatasi moja kati ya hizo yafaa kutazamwa kwa karibu. Inaonyesha mahali walipoishi watu weusi wa Georgia mwaka 1890. Waliokuwa kwenye miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 walikuwa 78,139, nao wamepewa mstari wa kijani. Walioishi mashambani na vijijini walikuwa 734,952, zaidi ya mara tisa ya wale. Karatasi ina urefu wa sentimita 71 hivi. Kama mstari wa mjini ungechorwa kwa sentimita 10, wa mashambani ungehitaji 94 na kutokeza nje. Du Bois angeweza kupunguza kipimo, lakini hapo makundi madogo ya miji ya kati yangebaki vijidoa. Badala yake aliukunja mstari wa mashambani, mwekundu, ukajizungusha mzunguko baada ya mzunguko mpaka ukajaza nusu ya chini ya karatasi. Mtaalamu mkali wa takwimu atalalamika kwamba mstari uliopinda haupimiki kwa jicho, na ana hoja. Lakini jicho linapoufuata mzunguko ule linachoka, na uchovu huo ndio ukubwa wa namba yenyewe. Msafara wa watu laki saba na ushee umeonekana bila hata namba moja kusomwa.

Karatasi nyingine inahusu utumwa kati ya 1790 na 1870. Karibu yote ni weusi mtupu, na juu yake umetandazwa ukanda mwembamba wa kijani: watu weusi waliokuwa huru, asilimia 8 mwaka 1790 na asilimia 11 mwaka 1860. Kisha, kwenye ukingo wa mwisho, kijani kinashuka ghafla mpaka chini, asilimia 100. Miaka 70 ya kusubiri na miaka 10 ya mabadiliko vimekaa pamoja, kila kimoja kwa urefu wake halisi.

Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925, alitunga kanuni ambayo watoto wa shule za msingi bado wanaifuata wanapojifunza takwimu kwa picha: kitu kikizidi, picha ziongezwe idadi, zisikuzwe. Gunia likichorwa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, linachukua nafasi mara nne, na nyongeza ndogo inageuka kuwa muujiza. Kosa hili lingali linachapishwa kila wiki.

Mchumi Mholanzi Jan Pen hakuhitaji hata wino. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 aliwapitisha Waingereza wote mbele ya msomaji kwa saa moja, kila mtu na kimo kinacholingana na kipato chake. Dakika hadi dakika wanapita mbilikimo tu, na mtu wa kimo cha wastani anatokea zikiwa zimesalia dakika 12 hivi. Sekunde za mwisho wanaingia majitu ambao vimo vyao vinahesabiwa kwa maili. Hakuna njia bora kuliko hii ya kuonyesha kwamba wastani wa kipato si kipato cha mtu wa kawaida.

Msomaji anayekutana na mchoro wa takwimu gazetini, basi, aanze na mhimili kabla ya rangi: je, unaanzia sifuri? Mihimili inayoanzia 40 inaweza kuifanya 44 ionekane mara mbili ya 42. Kisha, kama ni mchoro wa fedha, aulize zimegawanywa kwa watu wangapi, na ni nani aliyeachwa nje ya hesabu. Mchoro usiojibu maswali hayo, hata ukipendeza vipi, usiaminiwe.