Swali la Gesi Halitaki Papara

Mwalimu mkongwe wa kemia akiletewa swali la gesi, hagusi tarakimu kwanza. Hufuta ubao hadi ung'ae, akaandika mlinganyo, akausawazisha, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuukagua. Kijana wa kidato cha tatu tayari ana jibu mdomoni. "Subiri, mwanangu," anamwambia. "Gesi yako umeipimia wapi?"

Swali lenyewe ni jepesi kwa sura: gramu 6.5 za zinki zimetiwa kwenye asidi ya kutosha, zitatoa haidrojeni kiasi gani? Moli moja ya zinki ni gramu 65, basi hapo kuna moli 0.1, na kila moli ya zinki hutoa moli ya haidrojeni. Kijana anazidisha kwa 22.4, lita za moli moja ya gesi, na kupata lita 2.24.

Ingekuwa sahihi kama maabara ingekuwa na baridi ya barafu. Lakini swali linasema nyuzi 27, na gesi hiyo hiyo, joto likipanda, hutanuka hadi lita 2.46. Tena ilikusanywa juu ya maji. Mvuke umejipenyeza humo na kudai milimita 26.7 za zebaki kati ya 760 za kanieneo yote. Mwalimu anautoa mvuke kwenye hesabu, na ujazo unafika lita 2.55. Jibu la papara lilipungukiwa na karibu chupa nzima ya soda.

Subira hii ina asili yake. Mwanakemia Gay-Lussac alionyesha mwaka 1808 kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano rahisi. Mwanasayansi mwenzake, Avogadro, akaeleza sababu mwaka 1811, wanakemia wakampuuza. Alifariki mwaka 1856, miaka minne kabla mwanakemia Cannizzaro hajaitetea hoja hiyo ya Avogadro mbele ya wenzake huko Karlsruhe, Ujerumani.

Siku hizi ubao haufutwi kwa adabu ile. Wanafunzi hukariri majibu ya mitihani iliyopita, mlinganyo wakauruka, kikokotoo kikawaamulia. Anayekumbuka joto hunakili 2.461538462 kama ilivyo, ilhali mizani ilisoma 6.5 tu, mvuke hata haukumbuki. Wengi hawafiki huko. Huandika 2.24, wakapiga mstari chini mara mbili, wakafungua ukurasa unaofuata, na nyuzi 27 zimechapwa kwenye mstari wa kwanza wa swali.