Kidole Kinamnyooshea Nani? Kupima Riwaya ya Uchawi ya Vijana

Ukishika riwaya ya vijana yenye uchawi ndani, usianze na jalada wala wingi wa majini. Tafuta ukurasa ambapo mtu anaitwa mchawi kwa mara ya kwanza. Tazama aliyemwita ni nani, kisha tazama rafiki wa aliyeitwa alifanya nini kesho yake. Kwale hii, kuanzia Diani hadi Msambweni, uchawi ni tuhuma kwanza, nguvu baadaye. Wazee wameuawa Pwani kwa maneno ya jirani tu. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, humwandama anayejidai kuwa na uchawi na pia anayemsingizia mwenziwe. Kwa hiyo msichana wa kidato cha pili akipata nguvu za usiku, na mtaa mzima usiulize amezipata wapi, mwandishi hajapata kukaa kijijini.

Pili, mganga na mchawi wasichanganywe. Hilo halihitaji maelezo. Mtoto yeyote wa Ukunda analijua.

Penye utamu zaidi ni urithi. Wadigo wa zamani, wenyeji wa Kwale hii, walirithishana upande wa mama: mali ya mjomba ilimwendea mpwa. Uislamu ukaja na mafungu yake, na mabishano hayo yamezigawa familia kwa vizazi. Basi mganga akifa, tunguri zake azichukue nani, binti yake au binti wa dada yake? Waweke mabinti hao wawili dawati moja, wapendane tangu chekechea, na umeshapata riwaya bila kuazima fimbo ya Harry Potter. Mwandishi aliyeuona mgogoro huu mpe alama za juu hata kama sarufi yake inayumba.

Halafu msitu. Kaya Kinondo, kule Diani, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mgeni huvishwa kitambaa cheusi kabla ya kuingia, na hatoki na kitu, hata kijiti. Mwandishi dhaifu huleta ukungu na bundi. Hodari huanza na mwiko: jani limenasa kwenye pindo, wasichana wawili wameliona wakiwa wamekwisha panda bodaboda, na mmoja tu ndiye anayetaka kurudi. Hapo pana sura tatu nzima.

Sasa lugha. Linganisha sentensi hizi mbili, zote nimezitunga mimi. Ya kwanza: “Alihisi nguvu za ajabu zikipita mwilini mwake kama umeme.” Ya pili: “Mwanasiti aliweka begi lake pale ninapokaa siku zote, akainama kutafuta kalamu mpaka nikapita.” Ya kwanza unaweza kuipachika katika kitabu chochote duniani. Ya pili ina uchawi zaidi, kwa kuwa tunajua uvumi umeshafika darasani, na urafiki umeanza kuulipia. Mazungumzo yasome kwa sauti. Vijana wa stendi ya Ukunda huchanganya Kidigo, Kiswahili na Sheng iliyopanda basi kutoka Nairobi. Wote wakisema kama wasomaji wa taarifa ya habari, kitilie shaka kitabu.

Vipimo vya kulinganishia vipo. Mirathi ya Hatari ya C.G. Mung'ong'o (1977) inamweka kijana mbele ya uchawi anaorithishwa na baba yake, na uzito wa urithi huo haupungui. Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011), ya Naijeria, ndiyo bora kwa upande wa urafiki: vijana wanne, na hakuna anayefika mbali peke yake. The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, wa Mombasa, iliyotoka 2021, inampeleka Aisha baharini kumtafuta baba yake mvuvi akiwa na paka anayezungumza. Bahari yake naisifu bila kusita. Ila mwenzi wake ni paka, si msichana wa rika lake, na mimi rika ndilo ninalolitafuta hapa.

Mwisho wa kitabu uusome kwa ukali. Mchawi akigunduliwa kuwa ni bibi kizee wa pembezoni mwa kijiji, akafukuzwa, na marafiki wakakumbatiana, rudisha kitabu dukani. Mwandishi ametia sahihi hukumu ileile inayoua watu. Lakini ukikuta bibi huyo amepewa jina, mikorosho yake, na jamaa wanaolitamani shamba hilo, na wasichana wetu wawili wanaanza kujiuliza uvumi ulitoka kwa nani, usikiweke chini.