Hadithi ya Upelelezi na Ahadi Yake

Kijana apendaye kutunga hadithi ndefu huuliza kwanza, "Niandike habari gani?" Lakini liko swali jingine la kuuliza mapema: "Niiandike kwa namna gani?" Hekaya ya masultani ina desturi zake, hadithi ya mapenzi ina zake, na ya upelelezi kadhalika. Mwandishi akiisha kuchagua, amekwisha kumpa msomaji ahadi.

Tutazame upelelezi, maana huko ahadi yaonekana wazi: kila tendo lina mtendaji, na dalili zake zaweza kufuatwa kwa akili. Sir Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimtoa mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1887. Katika The Hound of the Baskervilles, cha mwaka 1902, watu waogopa jibwa la kuzimu, na mwishowe yadhihirika kuwa ni mbwa wa nyama na damu, na nyuma yake yuko mtu mwenye tamaa. Basi, mwaka 1916 Doyle huyo huyo alitangaza kwamba aamini roho za wafu husema na walio hai. Mtu angedhani kuwa tangu hapo roho hizo zingejaa katika visa vya Holmes. Hata kidogo! Mwaka 1924 alitunga kisa cha mama ashukiwaye kumnyonya damu mwanawe, na Holmes akakataa kabisa habari za mizuka, akatafuta sababu nyumbani humo humo. Imani yake Doyle aliipeleka katika kitabu kingine kisicho cha Holmes, The Land of Mist, mwaka 1926. Nami namsifu kwa hilo kuliko kwa werevu wote wa Holmes. (Padre Ronald Knox, aliyetunga hadithi za namna hii pia, aliziandikia amri kumi mwaka 1929: nguvu za kimzimu ni marufuku, na njia ya siri isizidi moja!)

Sasa twende Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, amsomaye Doyle atawatambua mara moja, na wako waliomlaumu mwandishi kwa kuazima. Lawama hiyo mimi naiona nyepesi. Kalibu ni ya kuazima, lakini tazama alichokimimina ndani yake. Maiti ya Bwana Ali ameiweka penye mzimu wenyewe, mahali ambapo watu wa karibu wana jibu tayari kabla ya kuuliza. Jina la kitabu nalo ni mtego: aingiaye kwa kuutafuta mzimu hujikuta anafuata nyayo za watu, akiuliza pamoja na Bwana Msa, nani alikuwa hapa, na kwa faida gani?

Swali hilo kwetu si mchezo. Wako vikongwe waliofukuzwa vijijini mwao, na wengine kuuawa, kwa sababu ya kifo ambacho hakuna aliyekiuliza chanzo chake. Abdulla hahubiri neno juu ya hayo. Sheria ya upelelezi yamfanyia kazi. Angalimwachia mzimu uwe muuaji katika sura ya mwisho, angaliivunja ahadi, na msomaji angalirudi kwake na hofu ile ile. Kasoro ipo: maelezo ya Bwana Msa mara nyingine ni marefu mno, na Najum huuliza ili ajibiwe tu.

Lakini kalibu hiyo haifai kila neno. Shaaban Robert, alipotaka kusema juu ya utawala na haki mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, alichagua hekaya, akaijenga Kusadikika, nchi iliyo angani. Huko hatuulizi nani kafanya. Karama asimama barazani kwa kosa la kufundisha uanasheria, na twaulizwa kama hilo ni kosa. Bwana Msa akifika Kusadikika atakaa na kiko chake tu, kazi hana: mshitaki ajulikana tangu mwanzo, naye ni waziri.