Ahadi ni Deni, Lakini Deni Gani?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1967, iliusoma msemo huu nusu nusu. Uuzaji wa shamba usiopata idhini ya bodi ni batili. Idhini iombwe katika miezi 6, ingawa Mahakama Kuu yaweza kuongeza muda. Ikikosekana, mnunuzi hudai fedha zake tu. Hawezi kuomba muuzaji alazimishwe kutimiza mkataba, maana mbele ya sheria hakuna mkataba.

Nia ilikuwa njema: mkulima asiuze shamba kwa pupa. Lakini namfahamu mzee mmoja aliyelipa bei yote, akajenga, akamzika mkewe hapo. Muuzaji, alipoona ardhi imepanda bei, ndipo akakumbuka kwamba hawakwenda bodini. Je, msomaji, fedha za miaka 20 iliyopita zitanunua nini leo? Na kaburi nalo litarejeshwa kwa shilingi ngapi?

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba muuzaji aliyekwisha kupokea fedha na kukabidhi shamba hulishika kama amana ya mnunuzi. Asijifiche nyuma ya bodi. Naupongeza uamuzi huo, ila haunitoshi. Ikiwa majaji wamelazimika kuuzunguka ukuta, mbona Bunge limeuacha usimame? Mwenye wakili atapita pembeni. Asiye na nauli ya kufika mahakamani atabaki na deni lake, na ahadi itapotea.